Muguka Mezani kwa Mzee Kiogora

"Toa hiyo kitu kwa meza yangu."

Mzee Kiogora hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema polepole, kidole kikiuelekea mfuko wa karatasi ya khaki uliowekwa katikati ya vikombe vya chai, juu ya kile kitambaa cheupe chenye maua ya kushonwa ambacho Mama Kathure hukitoa sandukuni siku ya wageni tu.

Nthiga alikuwa bado amesimama. Koti la kuazima lilimbana mabegani, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo ingawa ule upande wa Nkubu, mwezi wa saba, hata mbuzi hutetemeka.

"Mzee, ni muguka. Imechumwa leo asubuhi kwetu Siakago. Mama yangu mwenyewe ndiye..."

"Najua ni muguka! Mimi nimezaliwa Kangeta, kijana. Babangu alipanda miraa, na babake alipanda miraa. Na wewe unakuja kuomba binti yangu na majani ya kulisha mbuzi?"

Mwongera, kakake Kathure, alicheka pale kwenye kona karibu na redio.

"Baba, pengine alidhani tunafuga."

"Mwongera, nyamaza!" alisema Kathure, binti mwenyewe.

"Si nimeuliza tu?"

Kwa watu wa Mzee Kiogora, anayekuja kuposa huja na kifungu cha miraa, vijiti vilivyochaguliwa kimoja kimoja, vikafungwa kwa kamba ya mgomba na kuvikwa jani bichi la mgomba kama mtoto anayepelekwa kliniki. Baba wa msichana akikifungua na kutafuna, mazungumzo yameanza. Asipokifungua, mgeni anywe chai yake aende. Muguka nayo ni ndugu mdogo wa miraa, majani matupu ya kule chini Mbeere, yanayochumwa na kutiwa mfukoni, na mtu wa Kangeta hawezi kuyatia mdomoni watu wakimwona. Haya yote Kathure aliyajua tangu utotoni, na ndiyo sababu hakuyasema. Alidhani kila mtu anajua.

"Na hata ungeleta miraa," Mzee aliendelea, "unafanya kazi gani?"

"Niko kiwanda cha chai, Mzee. Nawasha boila."

"Nimekuuliza kazi. Wewe ni kibarua. Miezi mitatu wanakuambia kwaheri, unakaa nyumbani wiki moja, wanakuita tena. Huu ni mwaka wa ngapi?"

"Wa sita."

"Miaka sita kiwanda kimekataa kukuandika, sasa unataka mimi nikuandike?"

Nthiga aliinamisha kichwa. Aliaga kwa heshima, akampa Mama Kathure mkono, akatoka.

Kathure alimkuta kwenye kichaka cha chai nje ya boma, akivuta tai shingoni kama inayomnyonga.

"Kwa nini hukuniuliza, Nthiga? Si ungeniuliza!"

"Ningekuuliza nini? Hiyo ndiyo kitu ya heshima kwetu. Mimi nimesomeshwa na hiyo muguka. Viatu vyangu vya kwanza ni muguka."

"Ungenunua kifungu cha miraa pale stendi ya Nkubu, yaishe."

"Nikuje kukuposa na kitu ya kununua stendi?"

Nthiga alimtazama vizuri, macho yote mawili, yale macho yake yaliyozoea kutazama moto.

"Nikuulize kitu, Kathure. Umekasirika kwa sababu babako amenikataa, ama kwa sababu nimekuaibisha?"

Lilikuwa swali la kujibiwa papo hapo. Nyuma yake Kathure alisikia Mwongera akicheka tena ndani ya nyumba. Alipotaka kusema, Nthiga alikuwa ameshageuka.

"Sawa," alisema bila kutazama nyuma. "Nimesikia."

Ndani, Mama Kathure alikuwa ameuchukua ule mfuko, akaukunja mdomo vizuri na kuuweka juu ya kabati la vyombo, kando ya sufuria kubwa ya Krismasi. Mzee alimuuliza anauweka wa nini. Mama akaanza kukusanya vikombe.

*

Kiwanda chenyewe kiko juu ya Nkubu, mahali ukungu huteremka kutoka msituni na kukaa mpaka jua lipande sana. Kathure alifanya kazi kwenye chumba cha kuchambua chai, kitambaa kichwani, vumbi la kahawia mpaka kwenye kope. Yeye alikuwa ameandikwa. Wenzake walimchagua awe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwa sababu aliwahi kumwambia meneja, mbele ya watu wote, kwamba glavu si zawadi ya sikukuu.

Sasa chama kilikuwa kinataka jambo moja. Vibarua waliozungushwa miaka na miaka kwa mikataba ya miezi mitatu waandikwe kama watu. Meneja alikataa, akakataa tena. Chama kikatoa ilani ya mgomo kama sheria inavyotaka, na siku ya mwisho wakakutana kantini, kila mtu na kikombe chake.

"Nina habari," alisema Murungi, mwenyekiti wa tawi. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, mwenye kuvaa kofia hata kanisani. "Meneja ameita watu wa Mbeere waje kuchukua kazi zenu. Jumatatu asubuhi lori yao itafika hapa getini. Sitawaambia mfanye nini. Lakini hiyo barabara imejaa mawe, na mawe hayana mwenyewe."

Vijana walipiga meza. Mwongera alikuwa mbele kabisa. Naye alikuwa kibarua kwenye kupakia magunia.

Kathure alisimama.

"Mwenyekiti, hapo hapana. Mgomo wetu ni halali. Jiwe moja tu likirushwa, meneja ataenda kotini aseme sisi ni wahuni, na mgomo umekufa. Na wale watu wa lori wametukosea nini? Wanatafuta unga kama sisi."

"Ama unatetea shemeji zako?"

Watu walicheka. Murungi aliwangoja wamalize kucheka, kisha akatabasamu. Wakati fulani alikuwa amemtongoza Kathure mwenyewe, akaambiwa hapana, na hajawahi kuimeza ile hapana.

Mukami, aliyekuwa anapaki chai na hakuogopa mtu, aliinua kikombe chake juu.

"Mwenyekiti, mimi pia ni wa huko chini, Muembu. Nitupiwe mawe sasa hivi, ama ningoje Jumatatu?"

Kicheko kikageuka upande. Kathure akachukua nafasi hiyo.

"Jambo lingine. Majani ambayo yameshapokelewa, tuyamalize kabla hatujaweka chini vifaa. Yakioza ni ya mkulima, si ya meneja. Babangu ni mkulima. Baba zenu ni wakulima. Hatuwezi kuwagomea wazazi wetu."

"Nani atawasha boila?" mtu aliuliza.

"Mimi," alisema Nthiga kutoka nyuma.

Tangu ile Jumapili ya posa hawakuwa wamesemezana. Kathure alimtazama, lakini yeye alikuwa anatazama kikombe chake.

Aliwasha boila kweli. Gunia la mwisho lilipokauka, akaacha moto ufe wenyewe, akafagia majivu, akaning'iniza koleo kwenye msumari wake, akaondoka. Hakumuaga Kathure. Kesho yake simu yake haikupatikana, na kesho kutwa vilevile.

*

Jumapili mchana, Kathure akiwa na mamake jikoni wanamenya njahi, yale maharagwe meusi, simu ililia mlio wa meseji. Ilikuwa ya Murungi.

"Nthiga wako yuko Siakago anakusanya watu wa lori. Ameahidiwa kuandikwa. Nakwambia kama dadangu. Kesho usisimame katikati."

Kathure aliisoma, akaisoma tena. Mikono ilikuwa na maji ya njahi, kioo kikalowa.

"Ni nini?" mamake aliuliza.

"Nthiga ametuuza, Mama."

"Nani amesema?"

"Murungi."

"Umemuuliza Nthiga?"

"Simu imezimwa."

"Basi hujamuuliza."

Alipiga hata hivyo. Yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwa upole wake kwamba mteja hapatikani. Akaandika: "Nthiga, niambie si kweli." Kisha akafuta. Kisha akaandika: "Wameahidi kukuandika? Ndiyo bei yangu?" Hiyo akaituma, na mara tu ilipoondoka alitamani mkono wake ungekatika.

"Mwanamume akidharauliwa kwa mlango," alisema taratibu, "si anaweza kufanya kitu chochote?"

Mamake aliendelea kumenya.

"Anaweza. Lakini huyo wa kwako, hata alipofukuzwa alinipa mkono. Na mkono haukuwa unatetemeka kwa hasira, ulikuwa baridi tu. Mimi nimeushika, wewe hukuushika."

*

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba lori ilisikika kabla ya kuonekana. Wafanyakazi walijaa getini na matawi ya chai mikononi, kama chama kilivyoagiza. Upande wa pili wa barabara walisimama wakulima, Mzee Kiogora akiwa na fimbo yake mbele yao.

"Mtalala hapa mpaka lini?" alimfokea binti yake. "Chai inakomaa shambani, nani atanirudishia?"

"Baba, leo au kesho afisa wa kazi anakuja tuongee. Nakuomba uvumilie."

"Uvumilivu unapikwa na sufuria gani?"

Lori ikatokea kwenye kona. Nyuma walisimama wanaume wameshikana mabega, wamejifunika magunia kwa baridi ambayo hawakuizoea. Na mbele yao wote, ameshika chuma cha juu ya dereva, alikuwa Nthiga.

"Si nilikuambia?" Murungi alisema sikioni mwa Kathure. Halafu akapaza sauti. "Jamani, mnaona! Hao ndio wanakula jasho lenu!"

Matawi ya chai yalianguka chini. Kathure aliona vijana wakiinama, akaona mikono ikiinuka na mawe. Moyo ulimwambia akimbie nyumbani, akajifunike blanketi, wamalizane. Badala yake miguu yake ikampeleka katikati ya barabara. Akaigeuzia lori mgongo, akawatazama watu wake.

"Hakuna jiwe!" alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mimi ndio mmenichagua! Anayetaka kuwapiga, aanze na mimi!"

"Kathure, toka!" sauti ya Mwongera.

"Sitoki!"

Lori ikasimama, breki zikilia nyuma yake. Alisikia mtu akiruka chini, viatu vizito, kisha Nthiga akawa kando yake, ananuka moshi na kuni za mikaratusi kama kawaida.

"Umewaleta," Kathure alisema bila kumtazama.

"Nimewaleta waone kwa macho yao. Waliambiwa hakuna mgomo, ati kuna mashine mpya. Vincent, binamu yangu, alinipigia. Nikateremka kuwaambia wasije, wakasema mimi nawaficha kazi. Sasa nikasema twendeni pamoja, mkiona geti imefungwa tutarudi."

"Na simu?"

"Iliingia majini mtoni nikivuka. Kwani ulinipigia?"

Kathure akamgeukia. Ndipo akaona, juu ya bega la Nthiga, kule kwa vijana, mkono mmoja wenye jiwe ambao haukuwa umeteremka. Aliufahamu ule mkono. Ulikuwa na saa aliyomnunulia mwenyewe Krismasi iliyopita.

"Mwonge..."

Jiwe lilifika kabla ya jina. Nthiga alikuwa ndiyo ameanza kugeuka kuwatazama watu, likampata kwenye jicho la kushoto. Hakulia. Alikaa chini barabarani kama mtu aliyechoka, kiganja usoni, damu ikipita kati ya vidole.

Mzee Kiogora aliangusha fimbo yake.

Kwenye lori kulizuka kelele. Wanaume wakaanza kuruka chini, mmoja na chuma cha jeki, mwingine na ubao.

"Nani amempiga? Nani?"

"Kaeni chini!" Nthiga aliwaambia kwa Kimbeere, akiwa bado pale chini. "Mmesema mnataka kuona kama kuna mgomo. Si mmeona? Kaeni."

Wakakaa kwa shida, mmoja mmoja, kwenye nyasi za kando ya barabara. Kathure alivua kitambaa chake cha kichwa na kukikandamiza kwenye lile jicho.

Vincent peke yake hakukaa. Alikuwa kijana mrefu, mchangamfu, na hasira yake ilikuwa imechanganyika na mshangao. Alipita katikati ya watu, akanyoosha mkono kumsalimia mtu mwenye kofia.

"Bosi! Si wewe ulisema utatupokea? Mbona tunapokewa hivi?"

Murungi alirudi nyuma.

"Sikujui."

"Hunijui? Ulikunywa uji kwetu! Ulikuja na gari ya kiwanda, ukasema wewe ni mwenyekiti, ati wafanyakazi wenyewe ndio wanahitaji watu wa kuwasaidia. Hii kofia ulimvalisha mtoto wa dadangu ukicheka!"

Kathure aliinua uso.

"Mwenyekiti," alisema polepole, kama mtu anayehesabu kwa vidole. "Wewe ndiye ulileta watu. Halafu wewe ndiye ulituonyesha mawe. Ulitaka tupigane, ndiyo mgomo ufe. Walikuahidi nini?"

Murungi alipangusa mdomo.

"Ni... msimamizi. Walisema nitakuwa msimamizi. Nina watoto, Kathure."

"Na hawa hawana?"

Mawe ambayo hayakuwa yamerushwa yalikuwa bado mikononi. Sasa mikono yote ikageuka upande mmoja. Murungi akajikunja ukutani, kofia ikadondoka.

Na Kathure, vidole vikiwa na damu ya mtu aliyempenda, akasimama tena.

"Nimesema hakuna jiwe. Hata kwake."

"Kathure, huyu ni wa kuchomwa!"

"Atatolewa kwa kura. Wekeni chini. Wekeni chini, haki, nawasihi. Leo damu inatosha."

Mukami ndiye aliyeanza. Aliachia lake likaanguka mguuni pake, akasema "aii", na watu wawili watatu wakacheka kicheko cha kulia. Mengine yakafuata.

Gari la polisi lilipofika, meneja alitoka getini kwa mara ya kwanza tangu mgomo uanze. Alimwendea Nthiga moja kwa moja.

"Pole sana, kijana. Andikisha taarifa. Mwambie afisa nani amekurushia jiwe. Kampuni itasimama na wewe."

Nthiga alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha akatazama walipo wafanyakazi, na Mwongera katikati yao, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Niliteleza nikishuka kwa lori," alisema.

"Unasema nini? Watu wote wameona jiwe!"

"Meneja, jicho ni langu."

Polisi aliwauliza watu wa Meru, wafanyakazi na wakulima, nani ameona jiwe. Aliwauliza watu wa lori. Wote walikuwa wameona mtu akiteleza.

*

Hospitalini Nkubu walimlaza kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, bendeji imefunika nusu ya uso. Daktari alimwita Kathure pembeni akamweleza bila kuzunguka. Lile jicho lingeweza kujua mchana na usiku, labda. Kitu kingine, hapana.

Mukami alikuja na ndizi na habari.

"Shemeji, amka usikie! Afisa wa kazi amekuja, tumekaa naye mpaka makalio yakawa kama mbao. Vibarua wote waliozidisha mwaka wanaandikwa. Na wewe umo. Watu wa Siakago wamerudishwa na gari ya kampuni, na kiwanda kikitafuta watu tena, watatafutwa huku na kule, na wote wataingia chamani. Vincent ameshaniomba fomu. Ama alikuwa ananiomba mimi, sijui."

"Na Murungi?" Kathure aliuliza.

"Ametolewa. Mikono yote juu, hata yake, maskini, alijisahau akainua."

Alipoondoka, Kathure alisogeza kiti karibu na kitanda. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma.

"Ulipata meseji yangu?" Kathure aliuliza.

"Nilitia laini kwa simu ya Vincent jana. Niliisoma." Nthiga aligeukia dirishani. "Ile ya bei."

Kathure alijifunika uso.

"Nisamehe."

"Hilo jiwe liliuma kuliko la pili, nakuambia ukweli."

"Nthiga, ile siku uliniuliza kitu nje ya nyumba yetu, sikukujibu. Nilikuwa nimeaibika. Ndiyo. Niliaibika kwa sababu ya mfuko wa karatasi mbele ya kakangu. Na ningekuambia mapema huo mfuko usingekuja, kosa lilikuwa langu, nikakuachia wewe ulibebe. Sasa naona aibu kwa sababu ya hiyo aibu. Sijui kuisema vizuri."

"Umeisema."

"Na nilimwona aliyerusha."

"Mimi pia nilimwona. Saa yake inang'aa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mgomo ungekufa, watu wote wangerudi kwa miezi mitatu. Na yeye angefungwa. Halafu wewe ungenitazamaje, kila siku, ukiweka chakula mezani?"

Hapo pazia la mlangoni likasogea. Alikuwa Mzee Kiogora katika koti lake la kanisani. Nyuma yake Mama Kathure, na nyuma ya Mama, Mwongera, macho chini, mkono wake hauna saa.

Mzee hakukaa.

"Huyu amekataa kula tangu Jumatatu," alisema. "Leo asubuhi nikamuuliza. Akaniambia. Mwongera, sema."

"Ni mimi," Mwongera alisema, sauti ikitoka kama ya mtoto. "Nilidhani... Murungi alisema... Hapana. Ni mimi nilirusha. Nisamehe, Nthiga."

"Usimsamehe haraka," Mzee alisema.

"Sijamsamehe, Mzee," Nthiga alijibu. "Bado linauma sana."

"Ni sawa."

Mzee aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kifungu cha miraa kilichovikwa jani la mgomba, bichi, bado lina umande. Alikuwa ameamka gizani kwenda kukitafuta Kangeta, yeye na mgongo wake mbovu. Alikiweka kitandani kando ya mkono wa Nthiga.

"Hiki si cha posa. Kwetu, mtu akikosea mwenzake hukipeleka, na aliyekosewa hukifungua akiwa tayari kuongea. Usipokifungua, kitakauka. Kikikauka, wiki ijayo nitaleta kingine. Na wiki ingine. Mimi na huyu kijana wangu, kwa miguu, mpaka Siakago kama ni lazima."

Kisha akamgeukia mkewe, akanyoosha kiganja. Mama Kathure alifungua kikapu chake, akatoa mfuko wa karatasi ya khaki, mdomo umekunjwa vizuri.

Kathure aliutambua mara moja.

Mzee aliufungua. Muguka ilikuwa imesinyaa, nyeusi, inavunjikavunjika kama majani chai yaliyosahauliwa juani.

"Mzee, acha," Nthiga alisema, akijaribu kuinuka. "Imekauka. Hiyo ilikuwa ya ile Jumapili. Nitaagiza ingine."

"Ni mimi niliiacha ikakauka," Mzee alisema. "Nitaitafuna hivyo hivyo."

Akatia konzi mdomoni. Taya zake za Kangeta, zilizozoea vijiti laini vya asubuhi, zilisaga yale majani makavu taratibu, machozi yakimjaa machoni kwa ukali wake, au kwa kitu kingine. Mwongera alilia waziwazi.

Sista aliyekuwa anapita na trei ya dawa akasimama.

"Mzee! Hapa ni hospitali, hatutafuni hapa!"

"Nivumilie kidogo, Sista," alisema, mdomo umejaa. "Binti yangu anaposwa."

Sista alitazama kitanda, akatazama bendeji, akamtazama Kathure aliyekuwa ameshika mkono wa mgonjwa kwa mikono yake yote miwili, mbele ya babake na kakake. Akavuta pazia, akaenda zake.

Nthiga hakukifungua kile kifungu. Si siku hiyo. Lakini Kathure aliona mkono wake ukipapasa shuka, polepole, upande ule ambao sasa haoni, mpaka ukaligusa lile jani baridi la mgomba. Akalivuta karibu na mto, na hapo akaliacha.